Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa USCIS (Huduma ya Uraia na Uhamiaji ya Marekani): mfanyabiashara anayesubiri msamaha asafiri vipi?

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Tunawasaidia waombaji wanaozungumza Kiswahili nchini Marekani kujaza fomu na kupanga vielelezo. Barua hii inahusu kundi moja tu: wafanyabiashara ambao ombi lao la msamaha wa uhamiaji, yaani la kusamehewa kosa linalowazuia kupata viza au grini kadi, bado halijajibiwa, huku wateja, mizigo na mikataba yao ikiwa ng'ambo.

Kwanza, fomu za kuomba msamaha huo, I-601 na I-601A, zimepishana herufi moja, lakini kwa msafiri ni mbingu na ardhi. I-601A ni ya aliyeko ndani ya nchi ambaye usaili wake wa viza utafanyika ubalozini, ili apate jibu la msamaha kabla hajaondoka. Kuiwasilisha hakumpi hadhi, kibali cha kazi wala ruhusa ya kurudi. Akienda ng'ambo kusaini mkataba, zuio la kurudi Marekani linaanza kuhesabiwa tangu anapoondoka: miaka 3 kama alikaa bila hadhi zaidi ya siku 180 lakini hakufikisha mwaka, miaka 10 kama alifikisha mwaka au kupita. Huyu tunamwambia abaki, amwandikie mwenzake hati ya kisheria ya kusaini kwa niaba yake. Hakuna njia ya mkato hapo.

Aliyewasilisha I-601 pamoja na I-485, yaani ombi la grini kadi akiwa humuhumu nchini, ana njia. Anaomba hati ya kusafiria (si pasipoti, bali ruhusa ya kutoka na kurudi ombi likiwa bado linasubiri) kwa fomu I-131, na lazima iwe mkononi kabla hajaondoka. Akitoka akiwa na risiti tu, I-485 inahesabiwa imeachwa, I-131 nayo inakataliwa, na msamaha uliokuwa umeegemea I-485 unabaki hauna cha kuegemea. Wenye viza za kazi za H-1B au L-1 zilizo halali wanaorudi kwa hadhi ileile sheria imewaachia nafasi yao. Wengi tunaowahudumia hawamo humo.

Tatizo linaanzia kwenye risiti yenyewe, I-797C. Juu yake mmeandika kwa herufi kubwa kwamba haitoi hadhi wala manufaa yoyote ya uhamiaji. Sawa. Lakini ina nembo, jina la mwombaji, na namba ya herufi 3 na tarakimu 10, na kwa mtu aliyezoea nchi ambako karatasi yenye nembo ndiyo ruhusa, hiyo inatosha. Isitoshe, Marekani haina dirisha la uhamiaji la kugonga muhuri wa kutoka. Hakuna ofisa wa kumwambia "wewe, rudi nyumbani." Anagundua siku ya kurudi, kaunta ya shirika la ndege inapokataa kumpandisha. Tunaomba risiti za I-485, I-601 na I-131 ziwe na sentensi moja: kutoka nje ya nchi bila hati ya kusafiria iliyokwisha kutolewa kunaweza kulifuta ombi hili.

Pili, uharaka. Tangu Aprili 1, 2024, anayewasilisha I-485 hulipia I-131 peke yake, dola 630; zamani ilikuwa ndani ya ada ya I-485. Mwongozo wenu unakubali kuharakisha I-131 kwa safari yenye ulazima, ikiwemo shughuli ya kikazi iliyopangwa, na mnaangalia kama mwombaji aliwasilisha I-131 mapema. Hilo ni haki. Kisichojulikana ni kielelezo gani kinatosha. Mmoja analeta barua ya mwaliko isiyo na tarehe, mwingine tiketi tu, na tiketi haithibitishi ulazima wa chochote. Sisi huwaambia walete mkataba au oda yenye tarehe na kiasi cha fedha, barua ya mteja inayoeleza kwa nini mwakilishi hafai, na hesabu ya hasara safari ikikosekana. Kama orodha hii ni sahihi, ichapisheni; kama si sahihi, tusahihisheni hadharani.

La tatu ndilo zito. Msamaha wa I-601, kwa makosa kama kutoa maelezo ya uongo kwenye viza, unataka kuthibitisha kwamba mke, mume au mzazi aliye raia au mwenye grini kadi atapata dhiki ya kupindukia. Katika jalada la mfanyabiashara, uthibitisho huo mara nyingi ni marejesho ya kodi, taarifa za benki na ankara: familia inaishi kwa biashara hii. Sasa biashara hiyo inataka safari ya wiki mbili. Asiposafiri, kipato anachokitolea ushahidi kinapungua. Akisafiri, anaogopa ofisa atasema, mbona wamemudu bila wewe? Tunaomba mwongozo utamke waziwazi kwamba safari fupi ya kazi, kwa hati mliyoitoa wenyewe, si ushahidi dhidi ya dhiki. Wiki mbili zenye tarehe ya kurudi si sawa na utengano usio na mwisho.

Maofisa wa mpakani wako chini ya taasisi nyingine, tunajua. Hata hivyo hati yenu haimhakikishii mtu kuingia, na kosa linaloombewa msamaha bado liko palepale anaporudi. Uamuzi wa Baraza la Rufani za Uhamiaji wa mwaka 2012, shauri la Arrabally, unamkinga na zuio la miaka 10 anayetoka kwa hati hiyo. Haumkingi na kosa la uongo wala la jinai. Maelekezo ya I-131 yaliseme hilo kwa lugha nyepesi, mahali ambapo mwombaji atalisoma kabla ya kulipa.

Mwisho, barua za miadi ya alama za vidole bado zinafika kwenye anwani ya nyumbani mwenyewe akiwa safarini. Huduma ya kubadilisha miadi mtandaoni, iliyoanza mwaka 2023, imesaidia sana, ila humsaidia anayejua kwamba ameitwa. Anayeeleza tarehe zake za safari kwenye I-131 asipangiwe miadi ndani ya tarehe hizohizo. Taarifa mnayo tayari.

Wenu,
Wasaidizi wa waombaji wanaozungumza Kiswahili