Wabuddha hawasemi kwamba roho inahama

Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili kuhusu imani za Mashariki imeniudhi kidogo. Mwandishi kasema kwamba kwa Wabuddha roho huvua mwili mkuukuu ikavaa mpya, kama mtu abadilishavyo nguo. Mfano huo ni wa Wahindu, umo katika kitabu chao kitukufu, Bhagavad Gita. Buddha alifundisha kinyume chake: mchambue mtu, mwili wake, hisia, utambuzi, makusudi na fahamu, hutakuta humo kitu kimoja kisichobadilika cha kuitwa "mimi".

Mimi ni Mwislamu wa Unguja, sina nia ya kubadili dini uzeeni. Lakini nimefanya uuguzi Muscat pamoja na Wasinhala wa Sri Lanka, na zamu ya usiku ina mazungumzo yake. Mwenzangu mmoja alipofiwa na baba, alinieleza wafanyavyo kwao. Siku ya saba watawa hualikwa kula, halafu baada ya miezi mitatu, halafu mwaka. Jamaa humimina maji kikombeni mpaka yafurike, huku watawa wakisoma kwamba kama mito ijazavyo bahari, ndivyo sadaka hiyo imfae marehemu. Nikamwambia, basi hiyo si hitima hiyo!

Ila nikambana: kama hakuna roho, thawabu zinamwendea nani, na mabaya yake atayalipa nani? Akanipa kisa cha mwizi wa maembe. Kimo katika Milindapanha, kitabu cha Kipali, lugha ya kale ya maandiko ya Kibuddha, chenye mabishano ya mtawa Nagasena na Milinda, mfalme Mgiriki aliyetawala kaskazini-magharibi mwa India karne ya 2 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Mwizi kakamatwa, anajitetea: maembe niliyochuma siyo aliyoyapanda huyu, yeye alipanda mengine. (Kwa kadhi wetu hoja hiyo isingevuka mlango.) Mfalme naye akakiri kuwa mtu huyo ana hatia, maana haya yametokana na yale. Ndivyo alivyo azaliwaye upya, akasema Nagasena: si yule yule, wala si mwingine. Amezaliwa kwa vitendo vya yule wa kwanza, kwa hiyo deni halifutiki.

Kuhusu thawabu, aliniambia humfikia marehemu aliyezaliwa miongoni mwa mapeta, viumbe wenye njaa, akizipokea kwa furaha. Jibu hilo halikuniridhisha, na mpaka leo halijaniridhisha. Lakini ni jibu lao.

Aliyosema mwandishi wenu aliwahi kuyasema mtawa Sati, mwana wa mvuvi, zama za Buddha mwenyewe: kwamba fahamu ile ile ndiyo izungukayo toka maisha haya hadi mengine. Buddha alimwita akamkemea mbele ya wenzake, akasema fahamu huzuka kwa sababu zake, zisipokuwepo haipo.

Wala Wabuddha wenyewe hawana kauli moja. Watheravada, madhehebu ya huko Sri Lanka, hufundisha kuwa fahamu ya mwisho ikizimika, nyingine huzuka papo hapo. Watibeti huweka muda wa kati, hadi siku 49, na Dalai Lama, kiongozi wao wa dini, akifa humtafuta katika mtoto mdogo. Wa sasa, aliyezaliwa 1935, alitambuliwa akiwa na miaka miwili. Makala imewatia wote kapu moja.

Hapo Upanga, Dar es Salaam, lipo hekalu lililoanzishwa na Wasinhala tangu enzi za mkoloni. Kabla ya sehemu ya pili kuchapishwa, mwandishi apande daladala akawaulize watawa.

Muuguzi mstaafu,
Mwanakwerekwe, Unguja