Tusikimbilie magadi ya sabuni sinki likiziba

Mhariri,

Hapa Kigoma sinki likigoma tu kupitisha maji, watu wanamimina magadi ya sabuni. Wanaungua bure.

Masinki yetu ya jikoni yanazibwa na mawese. Mafuta haya huyeyuka kwenye joto la nyuzi 35 hivi. Bomba likipoa yanaganda, kisha wali na vichwa vya dagaa vinanasa humo. Magadi yakikutana nayo yanapika sabuni, na maji yakiwa hayapiti, sabuni hiyo inabaki palepale na kukauka.

Anza na trapu, kile kikombe cha plastiki chini ya sinki. Weka ndoo, fungua kwa mkono (spana huipasua), safisha. Ukirudisha, hakikisha washa ya mpira imelala sawasawa, la sivyo itavuja.

Kikombe kikiwa kisafi, uchafu uko mbele. Jaza maji hadi yafunike mpira wa kuzibulia, kisha ziba kwa kitambaa kibichi lile tundu la juu la kuzuia maji yasifurike. Sinki la mabakuli mawili, ziba na la pili. Wengi hushindwa hapa: upepo unatokea tunduni, wao wanasema mpira haufai. Sukuma na kuvuta mara 15 hivi, halafu uchomoe kwa ghafla. Maji yakishapita, suuza kwa lita 5 za maji ya moto yenye sabuni, ila yasiwe yanatokota. Yanalegeza bomba la plastiki na maungio yake.

Bafuni adui ni nywele, za rasta hasa. Toa chujio, kunja ncha ya waya wa kufungia nondo iwe ndoano, uvute. Usisukume, fundo litahamia kwenye kona.

Maji ya sinki yakiibukia bafuni, achana na yote hayo ukafungue chemba ya nje. Na bomba linaloziba kila mara lipimwe mteremko: sentimita 2.5 kwa kila mita zinatosha. Lililolazwa bapa hakuna dawa itakayolisaidia.

Aliyekwisha kumimina magadi asitumie mpira, wala asiongeze asidi ya betri. Mchanganyiko huo huchemka na kuruka. Amwambie fundi kabla hajafungua trapu, maana yaliyobaki humo ndiyo yanayomwagikia mikononi na machoni.

Fundi bomba,
Mwanga, Kigoma