Kaka, mshushie mtoto lori lake

Kaka yangu,

Tangu sherehe ya mwanao hatujazungumza sawasawa. Salamu zangu unazijibu kwa neno moja, na nikipiga simu anapokea wifi. Nimeamua kukuandikia peupe kwa sababu uliyoyasema juu ya zawadi yangu uliyasema mbele za watu, na waliosikia waliondoka wakiamini kwamba shangazi mtu alimletea mtoto kitu cha kupunguza aibu.

Ulisema ile roboti niliyomletea, kichezeo kinachogeuka lori, ni ya watoto wachanga. Nilinyamaza kwa heshima ya siku yenyewe. Baadaye nikanunua nyingine kama ile, nikaiweka mezani, nikaikagua kwa makini kuliko ulivyoikagua wewe. Sikiliza nilichokiona.

Ikiwa lori, ni lori kweli. Magurudumu yote yanazunguka, na ukiisukuma sakafuni inakwenda moja kwa moja bila kupinda. Pale kichwa cha lori kinapokutana na sehemu ya nyuma kuna kijino kinachoingia kwenye tundu lake, na kikikaa sawa unasikia "ta!" Ile sauti ndiyo mwalimu wa mtoto. Akiisikia anajua amefunga. Asipoisikia anarudia, bila kumwita mtu mzima. Kuigeuza, unavuta sehemu ya nyuma inakuwa miguu, unazungusha mikono inatoka ubavuni, unafunua paa kichwa kinachomoza. Imekwisha. Hakuna kipande cha kuchomoa, kwa hiyo hakuna cha kupotea chini ya kochi.

Kasoro ninaziona. Viwiko havikunjiki. Mikono kwa ndani ina uwazi, unaona mbavu za plastiki. Paa la lori linabaki linaning'inia mgongoni kama begi la shule. Skrubu zinaonekana nyuma ya miguu, na madirisha ni rangi tu iliyopakwa. Mkusanyaji wa roboti kama wewe hatoiweka kabatini, na sikulaumu. Lakini nyayo zake ni pana, inasimama yenyewe hata juu ya zulia, na hilo kwa mtoto wa miaka minne lina thamani kuliko kiwiko.

Na wewe, kaka, ndiye wa mwisho ninayetarajia adharau roboti nyepesi. Ni wewe uliyenisimulia, wewe kitanda cha juu na mimi cha chini, kwamba lile lori letu jekundu la utotoni lilianzia Japani, kwenye kampuni ya vichezeo ya Takara, likauzwa mwaka 1983 katika mfululizo wa Diaclone kwa jina la Battle Convoy. Mwaka 1984 Hasbro wa Marekani wakalichukua pamoja na wenzake, wakauita ukoo mzima Transformers, na lori likawa Optimus Prime. Ulinisimulia mpaka nikaota. Sasa nikuulize: Optimus Prime yule wa kwanza anageuzwaje? Unanyoosha miguu, unakunjua nyayo, unatoa mikono ubavuni, unafunua kichwa, unachomeka ngumi. Ni yale yale! Kilichoiteka dunia kilikuwa lori ambalo mtoto angeweza kulisimamisha mwenyewe. Kilichozidi ni zile ngumi mbili za kuchomeka, na ni hizo hizo zilizokuwa zikipotea.

Ile uliyompa wewe ni kazi nzuri ya ufundi, sibishi. Vifundo vyake vinazunguka kila upande, vidole vinafunguka. Ila imejaa vipande vidogo: bunduki, kombora, vifuniko. Mwanao ana mdogo wake anayetambaa na kutia kila kitu mdomoni. Wapimaji wa vitu vya kuchezea wana kikopo chenye kipenyo cha milimita 31.7, kinachowakilisha koo la mtoto. Kipande kinachoingia chote humo hakiruhusiwi kwenye kichezeo cha watoto wa chini ya miaka 3. Lile kombora linaingia na nafasi inabaki. Nilipomnong'oneza wifi ahamishe vile vipande uliniangalia kama mgeni aliyeingilia ndoa yenu.

Sasa niseme lenyewe.

Mtoto alikuwa ameketi mapajani pangu. Alikuwa ameshatoa mkono mmoja wa roboti na anautafuta wa pili, ulimi nje, hapumui. "Shangazi, ngoja, usinisaidie." Ukaja, ukaichukua mikononi mwake, ukaimalizia kwa kuzungusha mara moja, ukawaonyesha wageni ilivyo rahisi, wakacheka. Ukaipandisha juu ya kabati. Kisha ukamwekea lile boksi lako kubwa, na kuanzia hapo mchana wote aliyecheza ni wewe. Yeye alisimama kando ya goti lako, mikono nyuma, anangoja. Ulipolazimisha bega la hiyo roboti yako tukasikia plastiki inalia, na karibu na pini pakatokea mstari mweupe. Wewe unajua maana yake: plastiki ikipauka hivyo imeshachoka, siku yoyote inakatika. Ukamgeukia mtoto, ambaye hata kidole hakuwa ameweka, ukamwambia, "Usiguse tena."

Kaka, mengine yote yamepita. Hilo halipiti.

Nakujua moyo wako. Umenibeba mgongoni mvua ikinyesha, umeniachia zamu yako zaidi ya mara moja, na alipofariki baba ulisimama mlangoni ukapokea watu ili mimi nipate kulia. Hakuna kaka ningemtaka badala yako. Ila nilipomwona mtoto amesimama pale nilijiona mimi. Kazi yangu kwenye lori letu ilikuwa kushika ngumi. Ulinipa zile ngumi mbili nizifumbate, ukageuza, ukanyoosha mkono nikupe. Hata siku moja hukuniachia nigeuze. Ulisema mikono yangu mizito. Mikono hii, kaka, ndiyo iliyokuja kushona vidonda vya watu.

Ndiyo maana naijua roboti ya kumpa mtoto. Mwache aanze na hatua chache anazoziweza. Akizimaliza, atazitaka nyingine mwenyewe, na wakati huo mletee hizo zako zenye vifundo mia, nitakuwa wa kwanza kupiga makofi. Kabla ya kununua, fungua na funga bawaba kwa mkono mmoja, maana mtoto mara nyingi mkono wa pili ameshika kitu kingine. Vuta magurudumu uone kama yanachomoka. Ibane miguu uone kama inalegea. Mimi nilifanya yote hayo dukani, muuzaji akiniangalia, kabla sijachagua ile. Hukuniuliza. Ungeniuliza ungejua kwamba niliziacha nyingi zilizokuwa kubwa na za bei kuliko ile, na niliziacha kwa makusudi, kwa kuwa nilikuwa namnunulia yeye.

Na wifi ameniambia kwamba jana mtoto alipanda kiti akiitafuta juu ya kabati. Kiti kingemwangusha ungesemaje?

Ishushe. Jumamosi nakuja na tela lake, nimelipata, linanasa nyuma ya lori vizuri kabisa. Tutakaa sakafuni mimi na yeye. Nawe karibu ukae nasi, nakuomba sana ukae, ila mikono yako iwe mifukoni mpaka mtoto mwenyewe akuombe umsaidie.

Mdogo wako