Mwani unatibu nini? Tuambiwe ni mwani gani na umepimwa wapi

Ndugu Mhariri,

Habari za "mwani wa Zanzibar unatibu" zimekuwa nyingi magazetini na kwenye simu. Mara unaondoa mafua, mara unashusha uvimbe, unafunga vidonda, unaua saratani. Baadhi yake zina ukweli ndani. Tabu ni kwamba neno moja, mwani, linabebeshwa mambo ya mimea tofauti na molekuli tofauti, na mengine ni ya jaribio lililofanyika kwenye kisahani cha maabara likaishia hapo hapo. Naomba nafasi niyachambue.

Mwani unaolimwa Unguja na Pemba kwa biashara tangu 1989 ni mwani mwekundu wa aina mbili. Spinosum (Eucheuma denticulatum) ndio mwingi. Cottonii (Kappaphycus alvarezii) una bei nzuri zaidi, lakini maji yakipata joto hugonjweka na kukatika kwenye kamba, ndiyo maana wakulima wengi wameuacha. Viwanda vya nje vinachotafuta humo ni karaginani, minyororo mirefu ya sukari inayojaza kuta za seli zake. Minyororo hiyo imepachikwa salfeti, yaani vikundi vya salfa na oksijeni, zenye chaji hasi. Cottonii hutoa karaginani ya kapa, salfeti moja kwa kila sukari mbili. Spinosum hutoa iota, salfeti mbili. Ipo ya tatu, lamda, yenye salfeti tatu, nayo hutoka kwenye mwani wa bahari za baridi. Sehemu kubwa ya kile kinachoitwa nguvu ya mwani kinatokana na salfeti hizo: ni ngapi, na zimekaa wapi kwenye mnyororo.

Tofauti ya kapa na iota unaweza kuiona jikoni. Chukua gramu 2 za unga wa karaginani (anza na kapa, kisha rudia yote kwa iota) na mililita 100 za maji. Usiumwage unga kwenye maji ya moto, utapata mabonge yaliyolainika nje na makavu ndani. Unyunyizie kwenye maji baridi huku unakoroga, ndipo upashe hadi nyuzijoto 80. Gawa kwenye bilauri mbili. Moja tia kloridi ya potasiamu kiasi cha ncha ya kisu, nyingine kloridi ya kalsiamu kiasi hicho hicho, kisha acha zipoe. Kapa itaganda kwa nguvu kwenye potasiamu, ukiibonyeza inakatika, na ukiiacha inatoa maji pembeni. Iota itaganda kwenye kalsiamu, laini, inatikisika kama maini mabichi, na ukiivuruga kwa kijiko inarudi kushikana yenyewe. Mimea miwili iliyofungwa kwenye vigingi vilivyopakana inatoa vitu viwili vyenye tabia mbali kabisa. Mwandishi anayesema "mwani" tu bado hajasema kitu.

Sasa mafua. Ulaya zipo dawa za kupulizia puani zenye iota, kiasi cha asilimia 0.12 katika maji ya chumvi. Hazihitaji kuingia kwenye damu. Mnyororo wenye chaji hasi hukamata virusi kabla havijajishikiza kwenye utando wa pua, basi. Nchini Argentina, wakati wa UVIKO-19, wafanyakazi 394 wa hospitali waligawanywa makundi mawili: waliopuliza iota mara 4 kwa siku kwa siku 21 waliugua 2 kati ya 196, na waliopuliza dawa bandia waliugua 10 kati ya 198. Ni matokeo mazuri, ingawa waliougua ni wachache mno kujengea imani kubwa. Lakini soma vizuri njia iliyotumika: ilipulizwa puani. Molekuli kubwa namna hiyo haivuki ukuta wa utumbo kwa kiasi cha maana. Anayekunywa bilauri ya juisi ya mwani ili akinge mafua ameipeleka karaginani tumboni, na virusi viko puani.

Na hata kuiweka mahali penyewe hakutoshi. Karaginani ilizuia VVU vizuri sana maabara. Ikatengenezwa jeli ya ukeni iliyoitwa Carraguard, ikajaribiwa Afrika Kusini kwa wanawake 6,202, na matokeo yakatoka 2008: walioambukizwa kwenye kundi la jeli ni 134, kwenye kundi la jeli bandia 151. Tofauti hiyo bahati peke yake inaweza kuileta. Vifaa vilivyorudishwa vilipopimwa, ikakadiriwa kuwa jeli ilitumika katika asilimia 42 tu ya matendo ya ndoa. Jeli ilikuwa salama, lakini kinga haikuthibitika. Habari ya namna hiyo haipati kichwa kikubwa gazetini, nami naona ndiyo iliyostahili.

Kwenye uvimbe ndipo ninapocheka, maana tangu 1962 maabara za dawa duniani hutumia karaginani kuuleta uvimbe, si kuushusha. Mililita 0.1 ya karaginani ya asilimia 1, kwa kawaida lamda, hudungwa kwenye unyayo wa panya. Mguu huvimba na kufika kilele baada ya saa 3 hadi 5, kisha dawa inayochunguzwa hupimwa kama itaushusha. Kwa hiyo ukisoma kwamba "dondoo la mmea fulani lilipunguza uvimbe wa karaginani", mwani hapo ndiye mshitakiwa! Hii haina maana kwamba kula mwani kunavimbisha. Kudunga chini ya ngozi ni jambo moja, kumeza ni jingine, na kosa ni kuchukua matokeo ya njia moja ukayavika njia nyingine.

Saratani nitaipitia haraka. Mwani mkavu ambao haukuoshwa vizuri, robo hadi theluthi ya uzito wake inaweza kuwa chumvi na madini. Ukiuloweka, ukachuja na kumwaga maji yake juu ya seli za saratani, seli zitakufa. Hata maji ya bahari matupu yangeziua. Jaribio la kuaminika lina kisahani cha tatu chenye chumvi kiasi kile kile bila mwani, na cha nne chenye seli nzima zisizo na saratani. Visahani hivyo visipotajwa, habari isichapwe.

Kwenye vidonda mchanganyiko ni mkubwa zaidi. Bandeji za mwani zilizoko hospitalini ni za alginati, minyororo ya sukari ya namna nyingine, na alginati hutoka kwenye mwani wa kahawia. Kwetu mwani wa kahawia ni ule wa Sargassum na Turbinaria unaotupwa ufukweni, ambao haulimwi. Nyuzi za alginati ya kalsiamu zikikutana na majimaji ya kidonda, sodiamu inaingia, kalsiamu inatoka, na nyuzi zinageuka jeli inayofyonza. Ndiyo maana zinafaa kidonda kinachotoa maji, na kwenye kidonda kikavu zinaganda na kuumiza wakati wa kubandua. Kapa tabia yake ni nyingine. Imeshikwa na potasiamu, na majimaji ya mwili yana sodiamu mara 30 hivi ya potasiamu, kwa hiyo jeli ya kapa iliyosimama imara mezani hulegea ikikaa kidondani. Watafiti huichanganya na vitu vingine ili isimame. Hiyo ni kazi ya maabara, si ya kopo la unga.

Tena unga huo umetoka wapi? Mwani ulioanikwa mchangani badala ya kwenye vichanja huokota mchanga na vinyesi vya kuku na mbuzi. Kuuchemsha kunaua bakteria wengi, lakini endotoksini, yaani vipande vya magamba ya bakteria vinavyochochea homa na uvimbe, havitoki kwa maji yanayochemka. Kuzitokomeza kwa joto kavu kunahitaji nyuzijoto 250 kwa nusu saa, na kwa joto hilo karaginani inaungua. Ukiweka kwenye mtungi wa mvuke wa nyuzijoto 121, mnyororo unakatika vipande. Kutakasa malighafi ya mwani kwa matumizi ya kidonda ni kazi ghali, nayo ndiyo inayotenganisha bidhaa ya tiba na ya jikoni. Usinyunyizie unga wa mwani kwenye kidonda.

Vikundi vinavyotaka kutoa karaginani vyenyewe vinaweza kuanza hivi: gramu 10 za spinosum mkavu, uoshwe hadi maji yasiwe na chumvi ulimini, uchemke taratibu kwenye mililita 500 za maji kwa nyuzijoto 90, saa 2. Uchuje ungali wa moto kwa kitambaa, maana ukipoa hautapita. Mimina maji yake kwenye pombe ya isopropili maradufu ya ujazo wake, mbali na moto, na nyuzi nyeupe zitajitenga. Kosa linalorudiwa sana ni kutia limau kwenye sufuria ili kuondoa shombo. Maji yakiwa na tindikali na moto juu, mnyororo unakatika, na kinachobaki hakigandi. Limau la jikoni halifikii kutengeneza poligeenani, ile karaginani iliyokatwakatwa kwa tindikali kali kwa saa nyingi, ambayo shirika la utafiti wa saratani la IARC limeiweka kundi la 2B, la vitu ambavyo huenda vinaleta saratani. Karaginani ya kawaida iko kundi la 3, la vitu ambavyo ushahidi hautoshi kusema vinaleta saratani. Anayewatisha watu kuhusu jemu ya mwani kwa kutaja 2B amechanganya hivyo viwili.

Kuna jambo moja ambalo sijaliona kwenye lebo yoyote, nalo lina madhara ya kweli. Mwani wetu umejaa potasiamu, hasa cottonii. Kwa mtu mzima mwenye figo nzima hakuna tatizo. Kwa mgonjwa wa figo, au anayetumia dawa za presha zinazobakiza potasiamu mwilini kama spironolaktoni na enalaprili, vijiko vya unga wa mwani kila asubuhi vinaweza kuipandisha potasiamu ya damu hadi mapigo ya moyo yakavurugika. Wapo wagonjwa wa namna hiyo wanaokimbilia dawa za asili. Lebo iandike aina ya mwani, iandike kwamba una potasiamu nyingi, na iandike kwamba unga usimezwe mkavu, kwa kuwa hunywa maji na kufura ungali kooni.

Mkemia,
Unguja