Usawa wa jinsia kwenye sayansi uanzie kwenye hela

Ndugu Mhariri, salaam. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nami nitoe langu, maana kila ikifika tarehe 11 Februari, siku ya wanawake na wasichana katika sayansi, tunasikia hotuba zilezile, wasichana msiogope fizikia, wasichana someni hesabu, watu wanapiga makofi halafu basi, hela za utafiti amepewa nani hakuna anayeuliza.

UNESCO wanasema wanawake ni kama theluthi moja tu ya watafiti duniani. Wengi wanaokwama siyo waoga wa hesabu jamani, wana shahada zao za uzamivu, wanaandika maombi ya ruzuku na wanakataliwa, kisha tunaambiwa maandiko yao hayakuwa na nguvu. Sasa chukueni Uswidi, nchi inayosifiwa kila siku kwa usawa. Wanasayansi wawili, Christine Wennerås na Agnes Wold, walitaka kuona alama ambazo baraza la utafiti wa tiba lilikuwa linawapa waombaji, wakanyimwa, ikabidi waende mpaka mahakamani ndo wakazipata. Walichokikuta kikatoka kwenye jarida la Nature mwaka 1997, kwamba mwanamke ilibidi awe na kazi za kisayansi mara 2.5 zaidi ya mwanaume ndo waonekane wana uwezo sawa, na tena mwombaji mwenye mtu wake kwenye kamati alibebwa karibu kiasi hichohicho! Mwanamke asiyejuana na yeyote pale ndani aliumizwa mara mbili, na siyo kwa sababu ya sayansi yake.

Kanada nao walikuja kugawa ruzuku za afya kwa njia mbili, moja majaji wanaangalia zaidi utafiti wenyewe, nyingine wanaangalia zaidi mtafiti ni nani. Walipoangalia utafiti, kiwango cha wanawake waliopata ruzuku kiliachwa nyuma ya wanaume kwa pointi 0.9 za asilimia, walipoangalia mtu, pengo likafika pointi 4. Kwangu mimi hii ndo namba muhimu kuliko zote, maana inaonyesha dawa ipo na haina gharama, ni kubadilisha tu swali ambalo kamati inajiuliza.

Kuna wanaosema hela yenyewe ndogo, tushughulikie kwanza vipaumbele vya taifa, mambo ya jinsia baadaye. Ni kweli hela ndogo, nchi za Umoja wa Afrika zilishakubaliana zitenge asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti na nyingi mpaka leo hazijafika. Lakini hivyo vipaumbele vinapangwa na nani? Zolpidem, dawa ya usingizi, iliuzwa Marekani miaka 20 hivi kwa dozi moja ya wote, mpaka 2013 ndo mamlaka ya dawa ya huko ikaagiza wanawake wapunguziwe kutoka miligramu 10 hadi 5 kwa sababu miili yao inaitoa taratibu zaidi na asubuhi wanaendesha gari dawa bado ipo kwenye damu. Swali la mwanamke lisipokuwepo mezani wakati hela inagawiwa, watu wanaumia, na hela ya umma inakuwa imenunua jibu nusu.

Kwa hiyo naomba wanaoshika hizo bajeti wafanye mambo yanayowezekana leo. Andiko lipimwe kwanza kabla jina la mwombaji halijafunguliwa. Mama aliyejifungua aongezewe muda kwenye masharti ya miaka ya kuomba ruzuku tangu apate uzamivu, Baraza la Utafiti la Ulaya wanaongeza miezi 18 kwa kila mtoto na ruzuku zao bado ni za ushindani mkali. Na kila mwaka watoe hadharani ni waombaji wangapi wanawake, wangapi walipata na walipata kiasi gani cha hela, siyo idadi ya vichwa peke yake, maana unaweza kuwapa wanawake nusu ya ruzuku zote na zikawa ndogondogo zote, halafu ripoti ikasomeka vizuri kabisa.

Ni mimi msomaji wenu wa kila siku.