Nimwambie mdogo wangu akiri asichokifanya?

Shangazi, shikamoo.

Mdogo wangu yuko mwaka wa 11 gerezani kwa unyang'anyi. Shahidi wa kumtambua alikuwa mmoja tu, aliyemwona mnyang'anyi usiku kwa dakika chache, akaja kumgusa mdogo wangu bega kwenye gwaride la utambuzi, pale watu wanapopangwa mstari shahidi achague. Usiku ule mdogo wangu alikuwa kwangu, ananipigilia rafu ukutani. Nililisema hilo mahakamani, ikaonekana dada mtu lazima amtetee nduguye. Rufaa ikatupwa.

Sasa jina lake limefika bodi ya parole, inayoamua nani atoke kabla kifungo hakijaisha. Ofisa mmoja katuambia waziwazi kwamba wajumbe wanataka kusikia majuto. Akikiri, ana nafasi nzuri ya kutoka. Akishikilia kuwa hakufanya, ataonekana hajajirekebisha. Mwenyewe ananiuliza, "Nijutie nini, dada?"

Mama ameniagiza nimshawishi. Ana miaka 78, macho yanamwishia, na anataka huyu kitinda mimba wake awepo siku ya kumzika. Kwake kukiri ni maneno ya mdomoni tu.

Kumbe yanaandikwa. Mnyang'anyi aliangusha kofia, ikatolewa mahakamani kama kielelezo, lakini haikupimwa vinasaba. Wakili anasema tukiipata tunaweza kuomba ipimwe na kesi ifunguliwe upya, ila akiri leo, upande wa mashtaka watakuja kutusomea maneno yake mwenyewe. Na kofia yenyewe nimeiandikia barua tatu, sijajibiwa hata moja.

Nilimsimulia mama habari za Betty Anne Waters wa Marekani, aliyesomea sheria kwa ajili ya kaka yake Kenneth aliyekuwa gerezani. Alizikuta sampuli za damu bado zimehifadhiwa mahakamani, kipimo cha vinasaba kikamtoa kaka yake mwaka 2001, baada ya miaka 18 hivi. Mama akauliza, "Akaishi uraiani muda gani?" Miezi 6, Shangazi. Alianguka akafa. Nikakosa la kuongeza.

Jumamosi naenda kumwona. Nimsihi akiri, au nimfikishie tu maneno ya mama na ya wakili yalivyo, aamue mwenyewe? Na je, kuna aliyewahi kusimama mbele ya bodi akamwonea huruma aliyeporwa, akaeleza alivyobadilika gerezani, bila kusema "nilifanya", na wakamwelewa? Kama yupo, aliwaambiaje?

Dada mtu