Kabla hujachapisha mabango

Mbukwa, ndugu yangu,

Shikamoo kwa mama hapo nyumbani, na wewe mwenyewe pole na vumbi la Nzuguni. Barua yako ya kwamba unataka kugombea udiwani imefika. Umeuliza sana habari za mabango, spika za kukodi na fulana. Hayo nitayagusa kidogo tu, maana udiwani haupotei jukwaani kama watu wanavyodhani. Unapotea mezani: kwanza meza ya chama, halafu meza ya msimamizi msaidizi wa uchaguzi wa kata.

Nianze na chama. Kwetu hakuna mgombea binafsi, kwa hiyo bila chama kukudhamini huna pa kuanzia, hata kama kata nzima inakupenda. Mwaka 2025 fomu ya kuomba uteuzi wa udiwani ndani ya CCM ilikuwa shilingi 50,000. Hiyo ni fedha ndogo, na ndiyo maana watia nia wanajaa. Kazi iko kwenye kura za maoni na vikao vinavyofuata, kwa sababu kuongoza kura za maoni hakukuhakikishii jina kurudi. Ule msemo wa 2020 kwamba wajumbe, wale wanaopiga kura hizo, si watu haukuanza bure: mjumbe anaweza kula pilau kwako na kwa mwenzako, akatoa kura yake kwa mtu wa tatu. Usijaribu kumnunua. Takukuru huwa macho zaidi kipindi hicho, na takrima, yaani ukarimu na zawadi za mgombea kwa wapiga kura, ilishafutwa na Mahakama Kuu tangu 2006. Mjumbe anamkumbuka mtu anayehudhuria vikao vya tawi mwaka ambao hauna uchaguzi.

Kama chama chako ni kingine, angalia jambo moja zaidi. Kanuni za Maadili ya Uchaguzi zilisainiwa hapa hapa Dodoma tarehe 12 Aprili 2025. CHADEMA hawakusaini, na kwa hiyo kwenye uchaguzi wa mwezi wa kumi hawakuwa na mgombea popote, hata kwenye kata. Uamuzi wa wakubwa wa chama unaweza kukufunga wewe wa chini kabla hujagusa fomu.

Sasa fomu za Tume ya Uchaguzi. Hapa ndipo nataka usome polepole. Kwa uchaguzi uliopita zilichukuliwa na kurudishwa kati ya tarehe 14 na 27 Agosti, mwisho saa 10 jioni. Siku unapoichukua, itoe nakala mbili, ujaze kwanza kwa penseli kwenye nakala. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye daftari la wapiga kura, herufi kwa herufi, mpangilio ule ule. Kama kwenye kadi una majina matatu, usiandike mawili. Jina la chama liandike kwa kirefu. Hakikisha sahihi na muhuri wa chama vipo, na umtafute katibu mapema, kwani wiki ile kila mgombea wa wilaya anamtafuta yeye. Kiapo au tamko lolote la kisheria lifanye siku za mwanzo, usisubiri foleni ya mahakamani.

Wadhamini, yaani wapiga kura wanaokusainia fomu, ndio mtego mkubwa wa Dodoma. Mdhamini anapaswa awe ameandikishwa kupiga kura kwenye kata yako, na mji wetu umejaa wahamiaji tangu serikali ianze kuhamia huku. Jirani unayekunywa naye chai kila asubuhi, kadi yake inaweza kuwa bado ya Kinondoni au Mwanza. Mwingine anaishi Nzuguni lakini alijiandikisha Ipagala alipokuwa amepanga. Mwingine amekwisha kumdhamini mpinzani wako na amesahau, au anajifanya kasahau. Kwa hiyo omba kuona kadi yenyewe, usikubali namba ya kutajiwa kwa simu, na kusanya wadhamini nusu zaidi ya idadi inayotakiwa.

Rudisha siku mbili au tatu kabla ya mwisho. Ukirudisha mapema, kosa likionekana unapata nafasi ya kulirekebisha. Ukifika saa 9 na nusu siku ya mwisho, kosa hilo hilo linakutoa. Nenda na shahidi, chukua stakabadhi ya dhamana, baki na nakala ya kila ukurasa. Baada ya uteuzi kuna saa 24 za pingamizi, na mpinzani mwenye akili anakuwa ameshaandika lake. Ukiwekewa, jibu kwa maandishi na kwa vielelezo. Ukienguliwa, rufaa inakwenda Tume, na bila nakala zako utakuwa unasimulia tu.

Kampeni nzima ya 2025 ilikuwa tarehe 28 Agosti hadi 28 Oktoba. Unaujua upepo wetu wa Agosti: bango la karatasi halimalizi wiki. Mikutano ni saa 2 asubuhi hadi saa 12 jioni, kwa ratiba iliyokubaliwa, kwa hiyo usiku ni wa kulala.

Fedha yako ihifadhi kwa ajili ya mawakala. Tuseme kata ina vituo 60, na kila wakala umempangia 15,000 ya chakula na nauli. Hiyo ni 900,000 tayari. Majina yapelekwe kwa wakati na wote waapishwe, la sivyo watakaa nje ya kituo wakichungulia. Kila mmoja afundishwe jambo moja: asiondoke bila nakala ya Fomu Namba 21C, ambayo ndiyo ya matokeo ya udiwani kituoni. Wakala mwenye njaa huondoka saa 9 alasiri, kabla ya kuhesabu. Nakuomba sana usiwanyime chakula ili ununue fulana.

Kuhusu ahadi, naona umeandika utaleta maji, lami na viwanja. Maji ya jiji yako chini ya mamlaka ya maji, DUWASA, barabara za mitaa ziko kwa wakala wa barabara, TARURA, tangu 2017, na kiwanja hakigawiwi na diwani. Watu wa Dodoma waliishi na CDA, ile mamlaka iliyosimamia ardhi ya mji, mpaka ilipovunjwa 2017, wanajua mgogoro wa ardhi kuliko wewe, na watakuuliza. Unachoweza kukisimamia kweli ni bajeti ya mapato ya ndani, masoko, taka, madarasa, na ile asilimia 10 ya mikopo: 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Ahidi kusoma orodha ya vikundi vilivyopata mkopo mbele ya mkutano wa mtaa. Hiyo peke yake itawatoa jasho wengine.

Mimi ningekushauri uanzie uenyekiti wa mtaa. Uchaguzi wake wa 2024 ulikuwa na kampeni za siku 7 tu, ukishinda unaingia kwenye kamati ya maendeleo ya kata, na ulikuwa mwaka mmoja kabla ya ule wa udiwani. Ila angalia: orodha yake ya wapiga kura ni nyingine kabisa. Mwaka ule uandikishaji ulifanyika tarehe 11 hadi 20 Oktoba, na wengi wenye kadi ya Tume hawakujiandikisha wakidhani inatosha. Na kura zilipigwa tarehe 27 Novemba, wakati watu wa pembezoni wanaanza kuwaza mashamba.

Nitumie picha ya kadi yako ya mpiga kura, mbele na nyuma. Nina wasiwasi bado inasoma Iringa.

Wako,
rafiki yako wa siku zote